Mimi, Muthoni Wangu wa Mweiga na Pazia la Ndege

Tangu nirudi, soko la Karatina halinipi nafasi ya kuuza hata kabichi moja. Mtu akifika mezani kwangu, badala ya kuuliza bei anauliza, "Mama Muriuki, ni kweli ulikaa mbele na wakubwa? Ni kweli ulisukuma muthoni wako mbele ya watu?" Ni kweli. Yote mawili ni kweli. Lakini kila anayesimulia anatia chumvi yake, na juzi nimesikia ati nilimpiga kofi. Haki ya Mungu! Basi nimekaa chini nikaandika mwenyewe. Mwenye macho mazuri awasomee wenzake, na mkimaliza mniache nifanye kazi.

Karatina hadi Nairobi

Mwanangu Muriuki mnamjua. Yuko Chicago, anatengeneza mashine za kiwanda, na kila wiki kampuni inamrusha mji huu na ule. Mke wake Wanja alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na madaktari wakasema watampasua Alhamisi asubuhi. Wanja akapiga simu akilia. Neno lake lilikuwa moja tu, "Nataka mama awe hapa kabla hawajanipeleka ndani."

Muriuki akatuma tiketi mbili, yangu na ya Mama Wanja, yule wa Mweiga mwenye ng'ombe na viazi. Tungeondoka Jumanne, tuingie Chicago Jumatano jioni, na Alhamisi msichana amwone mama yake. Hapakuwa na siku ya kupoteza.

Sasa, kwa wale mliotoka mbali na hamjui mambo ya kwetu, niwaambie muthoni ni nani. Ni mtu ambaye mtoto wako na mtoto wake wameoana. Huyo unamheshimu kama kanisa. Huvui viatu mbele yake, husinzii mbele yake, na ukiwa na kiti kizuri ni chake. Mimi na Mama Wanja tulikuwa tumejuana miaka mitatu na sikuwa nimewahi kuona nywele zake, ni kitambaa tu.

Alishuka Karatina asubuhi na gunia la njahi, yale maharagwe meusi tunayompikia mama aliyezaa. Ndugu yangu alikuwa ametuletea pikapu yake. Mbele kuna nafasi ya watu wawili kando ya dereva, mmoja kwenye dirisha na mmoja ambaye goti lake linagongwa na gia.

"Ingia mwisho wewe, ukae dirishani," nikamwambia.

"La, kaa wewe. Mimi nitakaa hapa kwa gia."

"Siwezi. Kaa wewe."

"Ai, kaa tu wewe."

Tulisimama hapo kwenye baridi mpaka ndugu yangu akasema ataenda Nairobi na gunia peke yake. Mwishowe nilishinda mimi, gia ikanigonga goti mpaka Sagana. Sagana tukanunua samaki wa kukaanga, na hapo tena kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Samaki wakapoa. Ndugu yangu alikula wake, akala na vichwa vya samaki wetu, akatutazama akitikisa kichwa.

Lakini nilikuwa na furaha, jamani! Nilikuwa nataka kuimba barabara nzima. Mimi, wa kabichi, naenda kupanda ndege.

Uwanja wa ndege

Pale foleni ilikuwa ndefu na nyuma yetu alisimama kijana mmoja, Mwalimu Wafula, mtu wa Kakamega anayefundisha huko Nyeri. Alikuwa anaenda Chicago kusoma. Karani wa ndege akachukua tiketi yangu, akanitazama viatu, akatazama tiketi tena.

"Mama, hii si laini yako. Wewe ni wa daraja la kwanza. Pita pale kwa zulia jekundu."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Nikasema kuna makosa, kwa sababu Muriuki hana mali ya namna hiyo. Hapo ndipo Mwalimu Wafula akanifungua macho. "Mama, kijana wako anaruka sana, sivyo? Basi kampuni ya ndege inamwekea hesabu ya maili. Zikiwa nyingi wanamzawadia. Anaweza kutoa hizo maili mtu ahamishwe kutoka kiti cha nyuma apelekwe cha mbele."

"Kumbe ni nyongeza!" nikapiga kelele. Nani hajui nyongeza? Mteja akinunua kwangu kila wiki, siku moja namtilia kabichi ndogo juu bila kulipa. Mwanangu alikuwa mteja mzuri na wazungu wamemtilia kabichi yake, na akampa mama yake. Niliona raha, siwafichi. Nilishika kitambaa changu cha kichwa nikakinyoosha kama mke wa waziri.

Halafu nikageuka nikaona tiketi ya muthoni wangu. Ekonomi. Kiti cha nyuma.

Ngai! Muriuki, mtoto niliyemlea! Ameweka mama yake sebuleni na mama mkwe wake akamweka jikoni. Amekaa Amerika mpaka amesahau. Niliona aibu masikio yakawaka moto. Mama Wanja alikuwa anatazama gunia lake la njahi likipimwa.

Nikamwambia karani, "Dada, badilisha. Huyu akae mbele, mimi nyuma."

"Haiwezekani, mama. Tiketi ina jina la mwenyewe." Alikuwa msichana mzuri, akafikiri kidogo. "Lakini leo mbele kuna kiti kimoja hakina mtu. Mko safari moja, naweza kumsogeza." Akamgeukia muthoni wangu. "Mama, ungependa kukaa mbele na mwenzako?"

Mama Wanja akatabasamu akasema, "La, asante. Mimi niko sawa tu."

Sisi tunajua hiyo ni nini. Hiyo ni heshima. "La" ya kwanza ni ya kusafisha njia. Unauliza tena, anakataa tena, unasisitiza mara ya tatu, ndipo anasema, "Haya basi, kama umesema." Lakini karani alisema, "Sawa," akamwita mzee mmoja wa tai na tumbo, na yule akasema ndiyo kabla msichana hajamaliza kuuliza. Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nisisitize. Kiti kikaenda hivyo.

Mama Wanja alibaki na lile tabasamu lake kwa muda, halafu akalikunja kidogo kidogo.

Nairobi hadi London

Kiti cha mbele, wacha niwaambie! Mbuzi wawili wanalala hapo na mtoto wao. Kabla hatujaruka nililetewa kinywaji kwa glasi ya kweli, halafu mhudumu akanipa kitambaa cheupe cha moto, kimelowa maji. Kwetu ukipewa kitambaa chenye maji umeambiwa ufanye usafi. Nikafuta meza yangu, nikafuta dirisha, nikafuta mikono ya kiti, na kwa kuwa kilikuwa bado kina moto nikamfutia na yule mzee wa tai meza yake. Akaniambia asante. Baadaye nikaona wengine wanafuta nyuso.

Ndege ilipopaa nilishika Yesu kwa mikono miwili. Halafu tukatulia, na chakula kikaja. Nyama laini, viazi vidogo vimepangwa kama vinaenda kanisani, samaki, mkate, keki. Nilichukua uma. Uma ukakataa kwenda mdomoni.

Ningekulaje? Muthoni wangu yuko nyuma ya pazia, sijui amepewa nini, na mimi hapa natafuna. Nikainuka na sinia yangu nikapita katikati ya pazia.

"Madam! Madam!" mhudumu akanifuata. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha misheni kwamba nyuma kuna in-law wangu na hii ni chakula yake. Akasema yule naye atapewa chakula. Nikamwambia hajaelewa.

Mama Wanja alikuwa karibu na mkia, kati ya wanaume wawili wanaovuta sigara, maana huko mkiani inaruhusiwa. Amekaa wima, viatu miguuni, mkoba juu ya magoti. Miguu ilikuwa imevimba, niliiona, lakini hangeweza kuvua viatu hata mimi nikiwa mbele ya ndege na yeye nyuma.

"Kula," nikasema.

"Asante, nimeshiba."

"Kula tu kidogo."

"Nimeshiba kabisa."

"Mama Wanja, kula."

"Haya basi, kama umesema."

Mwalimu Wafula alikuwa kiti cha mbele yake. Akageuka. "Mama, mimi nikiulizwa nasema ndiyo mara ya kwanza." Tukacheka, hata Mama Wanja alificha mdomo kwa mkono. Nikarudi nikamletea Wafula keki nyingine ya mbele. Nilipita hilo pazia mara nyingi mpaka mhudumu akachoka, akawa ananishikia nipite.

Wafula ndiye alinifundisha siri ya tiketi. Alisema hata hapo nyuma si wote wamelipa sawa. Kila tiketi ina herufi yake. Kuna aliyelipa bei kamili, huyo anaweza kubadilisha siku akitaka. Kuna wa bei ya chini, akichelewa ameumia. Na kuna yeye na Mama Wanja, herufi ya mwisho kabisa, hata kupiga chafya waombe ruhusa.

"Na tunafika saa ile ile?"

"Ile ile, mama. Mkia unafika nyuma kidogo tu."

Hapo nikaelewa kabisa. Ni kabichi. Asubuhi nauza bei ya juu, mchana nashusha, jioni natupa bei nisirudi nayo. Kabichi ni ile ile. Tofauti ni kwamba kabichi ya jioni hairudishwi ikiwa na mdudu.

London, kwenye ukungu

London haikuonekana. Ulikuwa ukungu ule wa Mweiga wa Julai, wa kupotea kwenye shamba lako mwenyewe. Ndege yetu ilizunguka juu muda mrefu ndipo ikateremka, na ndani tukakuta watu wamejaa kama siku ya soko. Ndege moja ya Chicago ilikuwa imefutwa. Abiria wa ndege mbili walitakiwa waingie moja.

Na waliwapanga kwa kufuata nini? Kwa herufi.

Mama mmoja wa miwani pale kaunta akatazama tiketi yangu, "Sawa, madam." Akatazama ya Mama Wanja na ya Wafula, akaziweka kando. Kesho.

Kesho ilikuwa Alhamisi. Wangefika Wanja ameshapasuliwa.

Mama Wanja alienda akakaa kwenye benchi. Nikakaa kando yake, na hapo, bila kunitazama, akaniambia jambo ambalo miaka mitatu hakuwa ameniambia.

"Wanja alikuwa na dada yake mkubwa. Alienda kuzaa. Mimi nilikuwa shamba, wakaniita. Nikangoja gari pale barabarani, nikangoja. Nilifika wakiwa wamemfunika."

Nikamsogelea.

"Wanja alikuwa mtoto. Ndiye alinifungulia mlango ya hospitali," akasema. "Ndiyo sababu ananiita."

Kumbe ile simu haikuwa ya msichana anayedeka! Nikainuka nikaenda kwa yule mama wa miwani, Wafula akinifuata. Nikasema ampe muthoni wangu kiti changu. Akajibu vile vile kama wa Nairobi, tiketi ina jina. Na nikiacha kiti changu, atakipata anayefuata kwenye orodha, na Mama Wanja yuko mwisho. Nilihisi kupiga kaunta ngumi.

Wakati huo huo wakatangaza kitu kwenye kipaza sauti. Wafula akanishika mkono. "Mama, sikia. Watu wamezidi viti. Wanatafuta mtu wa kuacha kiti chake kwa hiari. Watampa hoteli, chakula na tiketi ya bure siku nyingine."

Nikainua mikono yote miwili kama niko kwenye ibada.

"Mimi! Lakini mwambie sitaki tiketi ya bure. Badala ya hiyo tiketi, wanilipe kwa kiti. Waandike jina ya Mama Wanja pale palipo na yangu. Ni hiyo tu."

Wafula akatafsiri vizuri, na mimi nikiongeza ya kwangu. Yule mama akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasoma tiketi, akanitazama.

"Unajua hiki ni kiti cha daraja la kwanza?"

"Najua. Nimekipanguza mwenyewe."

Sijui Wafula alimtafsiria nini, lakini aliangalia lile benchi, akamwona yule mama na mkoba wake magotini, akachukua kalamu akaandika. Wuui! Nilitaka kumkumbatia.

Sasa ikabaki hatari kubwa kuliko zote. Mama wa miwani, kwa wema wake, akamwendea muthoni wangu akainama, "Madam, would you like..."

Nikaona mdomo wa Mama Wanja unaanza kutengeneza lile tabasamu. Nikaona "La, asante" inakuja. Na mlango wa ndege unafungwa!

Nilimshika mkono nikamwinua. Nikamweka mikono miwili mgongoni, mimi, muthoni wake, na nikamsukuma. Nilimsukuma mpaka mlangoni, watu wakitupisha, kitambaa chake cha kichwa kikiteleza.

"Lakini ni kiti yako..."

"Nyamaza! Usiseme la! Enda kwa mtoto!"

Nywele zake ni nyeupe zote. Aligeuka mara moja, macho yamejaa, halafu yule mama wa Mweiga na miguu yake iliyovimba akakimbia.

London hadi Chicago

Hoteli walitupa wote waliobaki. Asubuhi nilikula soseji na maharagwe matamu, maharagwe yaliyowekwa sukari, sijui ni nani aliwakosea. Wafula alijaribu simu ya Muriuki mara kadhaa, ikawa inalia tu. Alhamisi nzima nilikuwa hewani nimekaa kati ya Wafula na mwanamke mmoja mwenye paka ndani ya kikapu, na furaha yote ilikuwa imenitoka. Kila nikifumba macho naona benchi. Nikawa nahesabu kwa kichwa saa za Amerika, sasa wanampeleka, sasa wanampasua.

Chicago mtu wa forodha alifungua gunia la njahi, ambalo lilibaki London likaja na ndege yangu, akatia mkono. "Hii ni nini?"

"Ni ya mama. Alete maziwa."

Akacheka, akamwita mwenzake aone, wakanirudishia gunia.

Nje Muriuki alikuwa amesimama peke yake na koti limefungwa vibaya. Mwalimu Wafula akanishika kiwiko.

"Mama," Muriuki akasema. "Mama, umezaliwa leo asubuhi."

Msichana! Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mnajua jina langu ni Wambui. Nilipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, pale pale uwanja wa ndege, zile tatu za msichana, na polisi akaja mbio. Wafula ndiye alimweleza.

Nyumbani kwa Muriuki

Mama Wanja alikuwa ametoka hospitali akabadilishe nguo. Nilimkuta jikoni. Tulisimama tukitazamana, mimi nikifikiria ile mikono yangu mgongoni kwake.

"Ulimwona?" nikauliza.

"Alinishika mpaka kwa mlango ya theatre, ya kupasulia. Wakaniambia sasa mwache. Yeye ndiye aliniacha, akacheka." Akajifuta uso kwa leso. "Amecheka, Mama Muriuki. Akiingia hapo."

Halafu akachukua mkoba wake, akautia mkono, akatoa kitambaa cheupe cha meza cha kule mbele ya ndege, kimefungwa fundo. Akakifungua polepole. Ndani kulikuwa na nyama iliyokauka, mkate, jibini, chokoleti za karatasi ya dhahabu, na samaki ambaye, Mungu anisamehe, alikuwa ameshaanza kujitangaza.

"Nimekuwekea," akasema.

"Hukula? Njia yote hiyo?"

"Ningekulaje, na wewe uko kwa benchi?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Samaki tukamtupa. Vilivyobaki tukala vyote, pale jikoni, tumesimama, na hakuna aliyemngoja mwenzake kuanza.

Kurudi

Siku ya kurudi Muriuki, ambaye nilikuwa nimemsema mpaka akakoma, alitaka kutengeneza makosa. Akatuambia maili zilizobaki zinatosha kiti kimoja cha mbele, na safari hii ni cha mama mkwe wake.

"La, asante," akasema Mama Wanja. "Niko sawa nyuma."

Nikasisitiza, kama inavyotakiwa. "Kaa mbele, Mama Wanja."

"La."

Nikangoja kidogo, nikauliza mara ya tatu. "Tafadhali, kaa mbele."

"Wambui," akasema, na kwetu muthoni hakuiti kwa jina lako, "nimesema la."

Tukakaa nyuma kabisa, bega kwa bega, kwenye herufi ya mwisho. Ndege ilipotulia hewani aliinama. Nilidhani anatafuta kitu. Alikuwa anafungua viatu. Akavivua vyote viwili, akavisukuma chini ya kiti, akafungua kitambaa cha kichwa akakiweka magotini. Halafu akalaza kichwa begani kwangu, na kabla chakula hakijafika alikuwa anakoroma.

Mnaniuliza kiti cha mbele ni kitamu namna gani. Ni kitamu, sitawadanganya. Lakini huyo mama alikoroma begani kwangu bahari nzima, mkono ukaniganda mpaka sikuuhisi tena, na mhudumu alipopita na chakula nikamwambia atuachie sinia zote mbili mpaka aamke.